Bi Tone Anaondoka, Rafu Haijulikani ni ya Nani

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kadhaa ambazo karani wa ajira na mimi tumezihesabu mara tatu tukapata majibu matatu, mkunjaji mkuu wa shuka wa idara ya ufuaji ya hospitali yetu, anayejulikana kila wodi kwa jina la Bi Tone, anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na karani mwenyewe, ambaye ana cheti. Alikaa nao siku nne, kisha akasema ameshindwa kuelewa huyu mama hasa alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia hata mimi sijaelewa, lakini mimi nimezoea kutoelewa tangu darasa la tano. Ndiyo maana kalamu iko kwa fundi wa boila.

Bi Tone aliajiriwa kama mfagizi wa korido. Wiki ya pili akahamishiwa kwetu kwenye ufuaji, kwa sababu msimamizi wa wafagizi alisema mama huyu anafagia vizuri ila anauliza maswali. Jina lake alilipata mwezi huohuo. Pale kwenye kona ya kusuuzia kulikuwa na bomba linalodondosha maji, tone moja, kimya, tone moja. Fundi bomba alikuwa ameahidi kuja tangu mvua za mwaka uliotangulia. Bi Tone hakumlaumu. Alikinga kikombe, kikajaa. Akakinga jagi, likajaa. Akakinga ndoo. Ilipofurika, aliibeba mpaka ofisini kwa fundi, akaitua juu ya meza, juu ya karatasi zake, akasema, “Shemeji, huu ni mzigo wako, umeusahau kwangu tangu asubuhi.” Bomba lilitengenezwa kabla ya chakula cha mchana. Fundi bomba yule alistaafu zamani, na kila akikutana nami huuliza kwanza kama yule mama bado yupo, ndipo ananisalimu.

Kutoka kwenye bomba akahamia kwenye mashine. Akatuonyesha kwamba maji ya kusuuzia mara ya mwisho hutoka yakiwa safi, nasi tunayaachia mtaroni. “Haya ni safi kuliko anayooga fundi wa boila,” alisema mbele ya idara nzima, na mimi nikacheka na wengine mpaka nilipofika nyumbani ndipo nikajua nimetukanwa. Tukafunga mpira wa maji, tukaweka mapipa mawili nje. Tangu hapo korido zote za hospitali hupigwa deki kwa maji hayo, na bustani ya mboga nyuma ya jikoni hunyweshwa kwayo. Siku za jua akakataza mashine ya kukaushia. Alitoka nje asubuhi, akaangalia mawingu kama mtu anayemsubiri mdeni wake, kisha akasema, “Leo kamba.” Mimi niliona sindano ya kipimo cha boila inashuka kwa kukosa kazi, nikadhani mwanamke huyu anataka nifukuzwe kazi.

Nilimwuliza siku moja, kwa hasira, anapata faida gani. Alinijibu huku anakunja, maana hakuwahi kumjibu mtu mikono ikiwa mitupu. Alisema, “Babu, wema mkubwa unachosha. Fanya mdogo, ufanye kila siku, mpaka usahau kwamba unaufanya.” Nikamwambia wahenga walishasema, haba na haba hujaza kibaba. Akasema wahenga walikosea hapo mwisho, kwa kuwa kibaba kikijaa watu huacha kutia.

Nilirudi kwenye boila yangu.

Sasa niseme habari ya rafu, maana hiyo ndiyo iliyotuchanganya.

Kwenye ufuaji, shuka ikichakaa isifae tena kitandani, fundi cherehani huitia mshono wa uzi mwekundu kwenye pembe. Shuka ya namna hiyo tunaiita marehemu. Zamani marehemu walichomwa moto. Bi Tone aliona katikati imetoboka lakini kingo bado ni nzima, akaanza kukata kingo hizo kuwa nepi na vitambaa vya kufungia watoto wachanga, akizipeleka wodi ya wazazi kwa akina mama wanaokuja kujifungua wakiwa na mikono miwili tu. Kisha akaweka rafu kwenye kona ya chumba cha kukunjia, karibu na mlango wa nje. Juu yake akaandika kwa kalamu nene: Chukua usiulizwe, weka usitajwe. Basi. Nepi zikakaa pale, na baadaye sweta, viatu vya mtoto aliyekua, nusu mche wa sabuni, miwani, sufuria yenye mfuniko wa sufuria nyingine. Mama wa wodini akitaka huja na kuchukua. Mfanyakazi akikwama naye huchukua. Hakuna daftari. Hakuna anayesimama pale. Ukimkuta mtu anachagua, unaangalia dari.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda sawa siku zote. Yupo hapa ukumbini fundi cherehani wetu, ambaye mwaka fulani aliletewa shuka arobaini mpya za kijani za chumba cha upasuaji azitie alama. Alama ya upasuaji ni uzi wa rangi ya chungwa. Uzi wa chungwa ulikuwa umekwisha, naye akaona nyekundu na chungwa ni ndugu, baba mmoja mama mbalimbali. Akatia nyekundu. Sisi tukaona marehemu arobaini, tukasikitika kidogo jinsi wamekufa wangali vijana, tukawakata. Daktari wa upasuaji alishuka mwenyewe mpaka ufuaji, akiwa amevaa kofia yake, akauliza, “Mama, unataka nimpasulie mtu juu ya gazeti?” Wiki ile kila mtoto aliyezaliwa hospitali hii alitoka amevaa kijani cha upasuaji, na mababa walikuwa wanauliza wakunga kama mtoto naye ni daktari.

Sasa tuje mwaka huu. Mkuu wa Utawala tuliyeletewa mwezi wa pili ni mtu wa utaratibu, na simsemi vibaya kwa kuwa ameketi mstari wa mbele. Alileta fomu ya makabidhiano. Kila anayestaafu aandike kazi anazofanya, na mbele ya kila kazi jina la atakayeipokea. Bi Tone alipewa kurasa sita. Alirudisha moja, yenye mistari mitatu: kukunja shuka, kukunja foronya, kufunga mlango jioni.

Mkuu wa Utawala akaiangalia mbele, akaigeuza nyuma. Akamwita, nasi wakuu wa sehemu tukaitwa tuwepo. Akamwuliza, kwa heshima, mbona hajaandika nepi za wodi ya wazazi. Bi Tone akasema, “Mwanangu, mimi sijakata nepi tangu mgongo uliponikamata. Mwaka wa saba huu.”

Mimi niliangalia dari kwa mazoea.

Akaulizwa habari ya rafu. Akasema huweka kitu akiwa nacho, kama mtu mwingine yeyote, lakini haijazi. Akaulizwa habari ya mapipa ya maji. Akasema hajagusa mpira ule tangu sijui lini, mikono yake imeshaukataa. Kisha akatueleza, na hapa alikuwa anacheka kwa aibu, kwamba mwaka ule alipoacha kukata hakumwambia mtu. Aliona haya kusema amechoka. Akasubiri wodi ya wazazi walalamike kwamba nepi zimekwisha, ndipo aombe msaada. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Hakuna aliyelalamika. “Nilikuwa kama mke aliyenuna siku tatu, na mume hajajua,” alisema. Akafikiri fundi cherehani ndiye amekuwa mkubwa wa kazi ile, akamwachia.

Macho yote kwa fundi cherehani. Akaruka kama amekalia sindano yake. Alisema yeye hukata, ni kweli, lakini hukata tu. Kila Jumanne hukuta marehemu wamepangwa juu ya meza yake, na siku zote alijua ni Bi Tone anawapanga. Mwenye kuwapanga akapatikana, ni mama wa mashine ya pili, ambaye alisema huwapanga kwa sababu huwakuta wameshatengwa, na aliyewatenga si Bi Tone? Si Bi Tone. Ni mpokeaji wa nguo chafu, aliyekuwa anatenga kila chenye uzi mwekundu kwa sababu siku yake ya kwanza kazini aliona watu wanatenga. Msukuma toroli hupeleka nepi wodini kila Alhamisi kwa amri, anavyojua yeye, ya mkunga mkuu. Mkunga mkuu akasema hajawahi kumwamuru msukuma toroli kitu chochote na hata akimwamuru hasikii. Na mapipa? Hapo nikakumbuka kwamba kila asubuhi, kabla sijavua koti, mkono wangu huu wa kulia hugeuza koki ya mpira ule wa maji. Sikuwahi kuuambia ugeuze. Umeshazoea.

Mkuu wa Utawala aliandika, akafuta, akachora mishale, mishale ikarudi ilikotoka. Mwisho akasema, “Wazee wangu, sijaelewa. Hii kazi ni ya nani?” Tukamwambia hapo sasa tuko pamoja. Akasema jambo lisilo na mwenyewe haliwezi kukabidhiwa, na lisilokabidhiwa haliwezi kuendelea. Akatupa wiki mbili, mpaka leo Ijumaa, saa sita mchana. Jina moja liandikwe. Likikosekana, rafu itaondolewa na kona ile itawekwa makabati ya mafaili.

Hatukutaka ubishi. Siku hiyohiyo tulimchagua fundi cherehani kuwa msimamizi, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kukimbilia. Alinunua kijitabu, akapiga mistari. Akatundika kifuani kadi aliyoiandika mwenyewe.

Naomba msikilize kilichofuata, kwa sababu mimi nilikiona kwa macho na bado sikiamini. Jumatatu mpokeaji wa nguo chafu hakutenga marehemu, akisema sasa yupo anayehusika. Jumanne mama wa mashine ya pili hakukuta waliotengwa, akaendelea na mashine yake. Jumatano mimi mwenyewe, wallahi, mkono ulikwenda kwenye koki nikauzuia, nikasema ngoja, msimamizi hajaniambia. Maji yakaenda mtaroni siku nzima na wafagizi wakachota ya bomba. Alhamisi msukuma toroli alisubiri amri. Kwenye rafu watu walichukua, kama kawaida, lakini kila aliyekuwa na kitu cha kuweka alikipeleka kwa msimamizi kiandikwe, na alipoona jina lake linaandikwa akaona haya, akarudi nacho nyumbani. Ijumaa ya wiki iliyopita, asubuhi, rafu ilikuwa mbao tupu na kijitabu.

Ijumaa hiyo mama mmoja aliruhusiwa kutoka wodi ya wazazi. Alikuja peke yake hadi kwenye rafu, akasoma maandishi, akasimama kidogo, akaondoka bila kumwuliza mtu. Nilimwona akipita mbele ya chumba cha boila. Mume wake, aliyekuwa akimngoja nje, alikuwa amevaa koti, limefungwa vifungo mpaka shingoni, jua kali. Shati lake ndilo lililokuwa limemfunga mtoto.

Nilikwenda kumwambia Bi Tone. Ningejua, nisingekwenda. Mama huyu, ambaye miaka yote hii sijamwona ameketi saa za kazi, alikaa juu ya furushi la nguo chafu. Hakumlaumu fundi cherehani wala mimi na mkono wangu. Alisema, “Nilijua itakufa. Niliomba tu ife nikiwa nyumbani, nisiione.”

Kumbe ndilo lililokuwa linamsumbua mwaka mzima. Tulidhani anaogopa kukaa bure, wengine wakasema anaogopa wajukuu. Alikuwa anatuangalia sisi. Kila alipopita kwenye rafu alikuwa anajiuliza kama ipo kwa sababu yake au ipo kwa sababu ipo, na hakuwa na mtu wa kumwuliza, kwa kuwa sisi sote tungemwambia ipo kwa sababu yako, Bi Tone, tukidhani tunampendeza.

Mchana uleule tulimpindua fundi cherehani. Yalikuwa mapinduzi ya amani. Alivua kadi mwenyewe, akanishika mkono kwa furaha kuliko siku nilipokuwa mshenga wa ndoa yake. Kijitabu tulikitia kwenye boila. Jumatatu yake sikumwona mtu yeyote akifanya lolote la ajabu, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema. Mkono wangu ukageuza koki. Jumanne marehemu walikuwa mezani. Alhamisi toroli likapita likilia gurudumu lake. Rafu ikawa na nepi, na sweta mbili, na saa ya ukutani isiyotembea ambayo ningependa sana kujua nani kaileta, lakini siulizi.

Bi Tone alikuja akasimama mbele ya rafu. Akanitazama. Akasema, “Babu, sasa nimechanganyikiwa. Kwa hiyo haikuwa yangu?” Nikamwambia, dada, inaelekea hukuwa na kazi miaka saba, shukuru hawajakugundua. Alinipiga na foronya. Lakini alikuwa anacheka, na machozi yalikuwepo, na vyote viwili alivifutia kwenye foronya hiyohiyo iliyokwisha kufuliwa, ikabidi irudi kwenye mashine.

Hata hivyo fomu ilibaki. Safu ya jina tupu. Jana Alhamisi, siku moja kabla ya muda kwisha, seremala wa hospitali alikuja na bisibisi na nyundo kuing’oa rafu, kwa kuwa Mkuu wa Utawala ni mtu wa kujiandaa mapema. Alikuwa na karatasi ya kuondolea mali. Chini ya karatasi palihitajika sahihi ya mwenye kifaa.

Akamwuliza Bi Tone, “Mama, rafu yako hii?” Akajibiwa, “Si yangu, baba, nimethibitishiwa.” Akamwendea fundi cherehani, naye akasema yeye ni kiongozi aliyepinduliwa, sahihi yake haina nguvu. Mama wa mashine ya pili akasema yeye huweka tu. Mpokeaji akasema yeye huchukua tu. Mimi nikasema nina boila. Seremala akapanda ghorofani kwa Mkuu wa Utawala. Nilimfuata, nisikose. Mkuu akamwambia rafu inaondolewa kwa sababu haina mwenyewe. Seremala, ambaye ni mtu mpole na si mjuvi, akauliza, “Sasa kama haina mwenyewe, mzee, nani anipe sahihi ya kuiondoa?”

Mkuu wa Utawala alivua miwani. Akaivaa. Akafungua kitabu cha taratibu, kurasa nyingi kabisa, mbele na nyuma. Mheshimiwa, utanisamehe, lakini nilikuona na nilikuhurumia, maana uso ule ni uso wangu wa kila siku. Baadaye ukasema kwa sauti ya chini, “Basi iacheni kwanza, mpaka apatikane mwenyewe.” Sisi tumeahidi kumtafuta. Tutamtafuta polepole.

Seremala alirudi chini. Kwa kuwa vyombo alikwisha kuvitoa, na mguu mmoja wa rafu ulikuwa unacheza, aliukaza, akaenda zake.

Hivyo ndivyo tulivyofika hapa. Mke wangu anasema wasifu wa mstaafu hutaja vyeti, kwa hiyo nitaje kwamba Bi Tone ana cheti kimoja, cha zimamoto, na siku ya mafunzo alimkaripia mwalimu kwa kumwaga maji. Mke wangu huyohuyo, kwa habari yenu, sasa hukinga ndoo nyumbani na kunikaripia kwa sauti isiyo yake. Sijui waliongea lini.

Bi Tone, ndugu yetu, tulikusudia leo tukushukuru kwa rafu, ukasema si wewe. Tukataka basi tushukuriane, kila mmoja akasema si yeye. Tumebaki na shukrani nyingi mkononi na hatujui pa kuziweka, kwa hiyo zipokee tu wewe, uliye karibu, mpaka apatikane mwenyewe. Wafanyakazi wenzako wamekuandalia zawadi ya kiti cha kuegemea, chenye mto, ukikalie. Tunasema ukikalie. Lakini tunakujua. Jumatatu tukikikuta kimesimama pale karibu na mlango wa nje, na mama mmoja wa wodi ya wazazi amekaa juu yake ananyonyesha, hatutauliza nani kakileta.

Nenda vizuri, dada. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, ziwe nyepesi, na nyumbani kwako wakusumbue kidogo tu, usije ukajisahau.